Sogea, Kisha Usogee Tena

Mpiga picha wa wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Meru hufanya kazi kwa umbali. Nyasi za kule ni ndefu, vichaka vya kando ya mito vimefungana, na faru waliotengewa eneo lao hawana haja ya kuonekana na mtu. Basi yeye huegesha gari, huzima injini, huegemeza lenzi ndefu dirishani juu ya mfuko uliojazwa maharagwe, kisha husubiri. Hewa iliyo kati yake na faru, hata iwe ya mita mia moja, haimdai kitu. Alfajiri kabla jua halijachoma, ni kama haipo kabisa.

Majini hesabu hiyo haisaidii. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, na kila mita inayotenganisha kamera na samaki hunyang'anya kitu: mwanga, rangi, ukali wa mistari ya magamba. Kilichokwisha kunyang'anywa hakuna lenzi ndefu inayoweza kukirudisha. Ndiyo maana wapiga picha wa chini ya maji, wawe wa Shimoni, wa Mafia au wa Bahari ya Shamu, hufundishana kanuni moja kabla ya nyingine zote: sogea karibu, na ukishafika karibu, usogee tena. Picha nyingi nzuri za samaki hupigwa kwa umbali usiozidi urefu wa mkono. Na kwa kuwa samaki hajafungwa kamba, ufundi wote wa kazi hii, kwa maoni yangu, umo katika swali moja: utamfikiaje kiumbe huyo kwa umbali huo, naye aendelee na shughuli zake?

Nimeuona ufundi huo ukitendeka kupitia kijana mmoja wa kwetu, mzaliwa wa upande wa Runyenjes, aliyeteremka pwani kutafuta kazi ya hoteli akaishia kuwa mzamiaji na mpiga picha. Safari yake inanigusa kwa sababu najua alikotoka. Embu na Meru hatukuwa watu wa samaki. Wazee wetu hawakumla, na wengine walimweka kundi moja na nyoka. Mabwawa ya Tana na vidimbwi vilivyochimbwa mashambani katika miaka ya karibuni vimeleta ngege na mumi hadi kwenye meza zetu, lakini samaki kama kiumbe wa kutazamwa, mwenye uso, mwenye tabia, mwenye nyumba anayoilinda, huyo bado ni mgeni kwetu. Kijana huyu amejifunza kumtazama hivyo.

Kazi yake huanza usiku, mezani, chini ya taa. Kamera ya kawaida haiwezi kuingia majini. Huvalishwa kasha la alumini au plastiki ngumu, lenye vitufe vinavyopenya hadi ndani na kioo mbele ya lenzi. Kati ya pande mbili za kasha hilo kuna pete nyembamba ya mpira, na pete hiyo ndiyo inayotenganisha kamera ya bei ya ng'ombe kadhaa na maji ya chumvi. Aliitoa taratibu kwa kidole, wala si kwa kitu chenye ncha, akaipitisha mbele ya taa akitafuta unywele, punje ya mchanga, uzi wa taulo. Unywele mmoja watosha. Kila mita 10 za kwenda chini huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, na maji yaliyogandamizwa namna hiyo hayahitaji mlango. Ufa wa unywele ni mlango. Aliifuta pete, akaipaka grisi kidogo sana, kiasi cha kuifanya ing'ae tu, akairudisha kwenye mfereji wake na kuizungusha kuhakikisha haijajipinda. Kisha akafunga kasha na kulizamisha tupu kwenye ndoo ya maji, akitazama kama kuna kipovu kitakachotoka. Hakuzungumza muda huo wote, nami sikumsemesha.

Asubuhi tulitoka Shimoni kuelekea Kisite. Hifadhi ya bahari ya Kisite ina kilomita za mraba 28, na pamoja na hifadhi jirani ya Mpunguti iko kusini mwa Kisiwa cha Wasini, karibu na mpaka wa Tanzania. Ulikuwa msimu wa kaskazi, bahari imetulia. Kusi ikivuma, mawimbi hukoroga mchanga na maji huwa na ukungu. Wenye kamera huziweka kabatini au huenda kwenye maghuba yaliyofichika. Nahodha, mzee wa Wasini, alikuwa ameichagua siku kwa mwezi. Maji mafu, alisema, kwa sababu bamvua huvuta mkondo wenye nguvu na kubeba taka. Na saa aliichagua kwa maji kujaa, wakati bahari kuu inapoingiza maji safi juu ya mwamba. Kijana alimsikiliza kama mwanafunzi. Kamera yake imetengenezwa Japani, lakini ni mzee huyu anayejua itaona nini.

Mimi nilibaki juu, nimevaa koti la kuelea na miwani, uso majini. Mwamba wa Kisite mahali pengi hauko chini sana, na maji yakiwa safi mtu wa juu humwona wa chini kama aliye kwenye ukumbi wenye mwanga.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hafanyi kitu. Alishuka, akasimama katikati ya maji bila kugusa chini wala kupanda juu, miguu imekunjwa nyuma, mikono imeshika kamera kifuani. Ukiwa hujui utadhani amekaa juu ya kitu. Hakukaa juu ya chochote. Alikuwa ameshikwa na mapafu yake. Mzamiaji hubeba risasi kiunoni za kumzamisha na koti lenye hewa la kumwinua, na akishazisawazisha, kilichobaki hufanywa kwa pumzi. Akivuta hewa, hupanda kidogo. Akiitoa, hushuka. Mwili hauitiki papo hapo. Hukawia kidogo, kwa hiyo ni lazima apumue kwa ajili ya mahali atakapokuwa, si alipo. Na haruhusiwi kubana pumzi akipanda, maana hewa iliyo mapafuni hutanuka kadiri mgandamizo unavyopungua na inaweza kuyapasua. Basi hujifunza kupumua polepole na kidogo kidogo, akitoa mapovu machache, kwa sababu mapovu yana kelele na samaki huisikia. Hiyo hasa ndiyo stadi ya kwanza ya mpiga picha wa majini, nayo haina uhusiano wowote na kamera. Anayeikosa hutapatapa, hupiga mwamba teke kwa mapezi yake, huvunja tumbawe lililochukua miaka kukua kiasi cha kiganja, na huinua mchanga unaoharibu picha yake na ya wenzake.

Chini yake palikuwa na kichwa cha tumbawe kikubwa, na kwenye pango la ubavuni alikaa mkunga, kichwa nje, kinywa kikifunguka na kufumba. Wengi humwogopa kwa kinywa hicho. Kumbe hapumui vingine. Lazima asukume maji yapite kwenye mashavu yake. Karibu naye alicheza samaki mdogo wa buluu mwenye mstari mweusi ubavuni, yule anayekula vijidudu na ngozi iliyokufa kwenye miili ya samaki wakubwa. Mahali kama hapo pana wateja. Chewa huja, husimama, hutanua mashavu na kufungua kinywa, na yule mdogo huingia ndani mzimamzima na kutoka salama. Kijana alikuwa amelijua pango hilo tangu msimu uliopita. Hakumwendea mkunga moja kwa moja. Alisogea kwa mshazari, chini kidogo ya usawa wa jicho lake, kwa kutoa pumzi tu, bila kupiga mapezi, akasimama, akangoja mkunga aliyerudi ndani atoke tena, akasogea kidogo. Alipofika umbali wa mkono hakuinua kamera. Ilikuwa imeinuliwa tangu mwanzo, ili lisiwepo tendo jipya la kumshtua.

Nilimuuliza baadaye, tukiwa botini, kwa nini hakumfuata yule kasa aliyepita nyuma yake. Akanijibu, "Mwalimu, samaki na kasa ni mamoja. Akishakuonyesha mkia, amekwisha kukujibu." Picha za wanaoanza, aliniambia, zimejaa mikia. Anayefukuza hupata mkia. Anayengoja hupata jicho. Na picha ya samaki isiyo na jicho lililo wazi na kali haifai hata ingekuwa na rangi zote za dunia.

Tuseme basi habari ya rangi, maana hapo ndipo akili ya kazi hii ilipolala. Mwanga wa jua ukiingia baharini hauzami wote pamoja. Nyekundu humezwa kwanza. Kufikia mita 5 hivi imeshapungua sana. Machungwa huifuata, kisha manjano, na mwishowe hubaki kijani na buluu. Mzamiaji akijikwaruza kwenye kina cha mita 20, damu yake huonekana kama wino wa kijani. Kuna chewa mmoja wa miamba yetu, mwekundu kama pilipili, aliyetapakaa vidoa vya buluu. Chini huko alipo ni kahawia tu, kivuli kati ya vivuli. Hakuna anayemwona mwekundu hadi flashi iwake. Kwa nukta hiyo fupi mpiga picha anarudisha mwanga mweupe mahali ambapo hautoki juani, na chewa huyo anakuwa vile alivyo. Mtu aliyeelea juu, kama mimi, hawezi kuiona rangi hiyo. Hata aliyemkaribia hawezi. Niliiona kwenye kioo cha kamera botini, na ninakiri nilikaa nayo muda mrefu. Picha ilikuwa imeona kitu ambacho jicho la mtu aliyekuwepo halikukiona.

Lakini flashi ni adui pia. Maji safi kabisa yana chembe: mchanga, mayai ya viumbe, vipande vya majani ya baharini. Flashi ikikaa karibu na lenzi na kuelekea mbele, huziwasha chembe zote na picha hujaa theluji. Kwa hiyo wapiga picha huzifunga flashi zao mbili kwenye mikono mirefu yenye viungo, moja kushoto na nyingine kulia, na kuzielekeza nje kidogo, ili pembe tu ya mwanga ndiyo imguse samaki, na maji yaliyo kati yake na lenzi yabaki gizani. Nilimwona akiigeuza mikono hiyo kwa ncha ya kidole kila alipobadili umbali, bila kuiangalia. Na hapo tena kanuni ileile inarudi: kadiri ulivyo karibu, ndivyo chembe zinavyopungua kati yenu, ndivyo flashi isivyohitaji nguvu, ndivyo nyekundu inavyorudi kamili.

Historia ya kazi hii ni fupi. Mfaransa Louis Boutan alipiga picha chini ya maji huko Banyuls-sur-Mer mwaka 1893, amevaa nguo nzito za mzamiaji wa enzi zile. Mwaka 1926 Wamarekani wawili, William Longley na Charles Martin, walipata picha za kwanza za rangi huko Florida kwa kulipua unga wa magnesi juu ya chelezo ili mwanga ufike chini. Mtungi wa hewa wa Cousteau na Gagnan ulikuja 1943, na baada ya hapo Mbelgiji Jean de Wouters akabuni kamera ndogo isiyohitaji kasha, ambayo tangu 1963 iliuzwa na Nikon kwa jina la Nikonos. Filamu yake ilikuwa na picha 36, na mtu hawezi kufungua kamera chini ya maji abadili filamu. Waliofunzwa kwa kamera hiyo walijua kungoja.

Kenya ina jina lake katika historia hiyo, na jina hilo limepitia Meru. Alan Root na mkewe Joan walizamia katika chemchemi za Mzima, huko Tsavo Magharibi, katikati ya viboko na mamba, wakatoa filamu ya chemchemi hizo mwaka 1972. Watu walikuwa wamemwona kiboko kama mgongo na masikio juu ya tope. Root aliwaonyesha anavyotembea chini, mwepesi, akigusa mchanga kwa vidole, samaki wakimzunguka na kumsafisha kama wanavyosafishwa chewa wa Kisite. Baadaye kiboko aliwashambulia hukohuko Mzima: jino lake lilivunja kioo cha miwani ya Joan usoni, naye akanusurika, na mguu wa Alan ukang'atwa vibaya. Kabla ya hapo Alan alikuwa amekwisha kupoteza kidole cha shahada kwa sumu ya kifutu aliyemuuma katika Hifadhi ya Meru. Masimulizi mengi humtaja yeye kwa ushujaa. Mimi humfikiria zaidi Joan, aliyezaliwa Nairobi, aliyepanga safari, akatunza vyombo, akashuka naye majini. Kazi ya mezani usiku, ile ya pete ya mpira, ina watu wake, na mara nyingi majina yao huandikwa kwa herufi ndogo.

Na yuko Joy Adamson, ambaye Meru inamjua kwa simba jike Elsa aliyezikwa kando ya Mto Ura. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mwandishi, na kwamba pamoja na maua na watu wa makabila ya Kenya alichora pia samaki wa matumbawe wa pwani yetu. Samaki akitolewa majini rangi yake hufifia upesi, basi anayemchora akiwa nje anashindana na kifo. Mpiga picha wa leo ameupata mwanga ambao mchoraji hakuwa nao, lakini haja yao ni moja, kumnasa samaki akiwa bado ni yeye.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa milimani, na kijana yule alilileta yeye mwenyewe. Mito ya Rupingazi, Thuci, Mutonga na Kathita inateremka kutoka Mlima Kenya na maji yake huishia Mto Tana, na Tana huingia baharini karibu na Kipini. Mbele ya mdomo wa Tana, na mbele ya mdomo wa Sabaki kaskazini mwa Malindi, mwamba wa matumbawe hukatika. Tumbawe haliwezi kuishi kwenye maji matamu yenye tope. Sehemu ya udongo wa kwetu huzuiwa na mabwawa, kuanzia Masinga la 1981 hadi Kiambere, lakini si wote. Kwa upande wa Sabaki ushahidi umeandikwa ndani ya tumbawe lenyewe: wanasayansi walitoboa tumbawe kubwa la Malindi, wakapima bariamu katika tabaka zake, na matokeo waliyoyachapisha 2007 yalifuata mmomonyoko wa udongo wa bara kwa takriban miaka 300. Tabaka hizo zinaonyesha udongo ukiongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba ya bara yalipopanuka. Mpiga picha huusoma ukweli huo bila maabara. Mvua za masika zikipiga bara, maji ya Malindi huwa mekundu na flashi yake haina kazi. "Nikiona theluji kwenye picha," aliniambia, "mimi huwaza mteremko wa shamba la baba."

Tangu joto la 1998 lilipoyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi magharibi, picha za chini ya maji zimepata kazi nyingine zaidi ya uzuri. Sehemu ileile ya mwamba hupigwa msimu kwa msimu ili ijulikane kinachokua na kinachokufa. Papa shilingi, yule mkubwa wa vidoa anayeonekana sana Kilindoni, Mafia, hutambuliwa mmoja mmoja kwa vidoa vya ubavu nyuma ya matamvua. Programu iliyoanza kutumika kwa kazi hiyo mwaka 2005 ilitokana na hesabu ya kulinganisha nyota angani. Kasa naye hutambuliwa kwa mpangilio wa magamba ya uso, na mashavu yake mawili hayafanani.

Hilo lilinifafanulia kitu nilichokiona siku ile na sikukielewa. Kabla hatujaondoka Kisite, ng'amba mmoja alitua kwenye mwamba na kuanza kula. Kijana alimkaribia kwa njia yake ileile, kwa pumzi, kwa mshazari, lakini picha alizopiga kwanza zilikuwa za karibu mno, tena bila flashi, za upande mmoja wa uso. Kisha alizunguka kwa mbali, duara pana, akaingia kutoka upande wa pili na kungoja hadi kasa alipogeuza kichwa. Ndipo akarudi nyuma, akatanua mikono ya flashi, na kuanza kuitafuta picha nzuri. Alinieleza utaratibu wake tukielekea Shimoni, nahodha akisikiliza: shavu la kushoto, shavu la kulia, saa, kina, jina la mahali. Zote huandikwa na kupelekwa kwa watafiti jioni hiyohiyo. Picha ya kutundika ukutani hufuata baadaye, kasa akipenda.